Landrova 109 Series III inakula betri ikikaa siku nne, nimeshanunua betri mbili. Msaada wakuu

chuma_cha_mission

Wakuu habari za humu ndani. Nina Landrova 109 Series III ya 1978, injini petroli ile 2.25, nilinunua kwa mzee mmoja Karatu ambaye nae aliinunua kwa mapadri miaka hiyo, niko Arusha. Gari ni zima, body haina tatizo, gia zinaingia, mlima inapanda taratibu kama trekta ila inapanda.

Shida ni betri. Naipaki Jumatatu jioni imetoka kutembea vizuri, Ijumaa asubuhi nataka kwenda shamba napiga stata inalia "tik" basi. Nikipima betri inasoma 11.9. Nikibusti na gari ya jirani inawaka fasta kabisa na ikishawaka siku nzima haina neno, nazima nawasha popote. Ila nikiilaza siku nne ndo yale yale.

Betri ya kwanza ilikuja na gari, fundi akasema imechoka, nikanunua N70 mpya laki mbili na ushee. Miezi miwili mchezo ule ule, fundi mwingine akasema hiyo mpya ni feki nikanunua nyingine. Sasa hivi niko kwenye hii ya pili ya kununua na yenyewe imeanza. Altaneta inachaji, nimepima inatoa 14.1 injini ikiwa inaunguruma. Taa ya ndani nimeshatoa globu kabisa nikidhani ndo mchawi.

Kwa sasa kila nikipaki nalegeza nati ya betri natoa waya, nimechoka, na mke wangu hawezi kutumia gari sababu hawezi kila siku kufungua boneti lenye tairi juu yake (spea tairi yangu inakaa juu ya boneti, wenye Landrova mnajua uzito wake). Nianzie wapi wakuu?

BeiYaBetri

Mkuu hiyo ya pili nayo ulipigwa. Betri feki zimejaa mjini. Nicheki nikupe original yenye waranti. Alafu ukiitoa usiiweke chini kwenye sementi, sementi inanyonya chaji.

mama_landi

BeiYaBetri acha kumuuzia mtu betri ya tatu jamani 😂 na hiyo ya sementi ni ya enzi za babu zetu, betri zilipokuwa na makasha ya mbao na mpira yanayovuja. Plastiki ya siku hizi iweke kwenye sementi hata mwezi, itapungua kidogo kama ambavyo ingepungua ikiwa kwenye meza.

chuma_cha_mission, swali moja kabla ya yote: ile betri ya kwanza kununua, ambayo fundi alisema feki, iko wapi saivi?

chuma_cha_mission

Nilimpa jirani yangu, amefunga na kisola chake, anaangalizia TV na taa tatu. Mpaka leo inapiga kazi

mama_landi

Ndo hapo sasa. Betri feki isingebeba TV ya mtu miezi yote hiyo. Betri yako ilikuwa nzima, gari lako ndo lina kitu kinakula usiku.

Fanya hivi. Usianze na mita ya umeme, anza na globu, maana globu haiungui kirahisi na haikudanganyi. Tafuta globu ya 12V ya wati 5, ile ya taa ndogo, iunganishe waya mbili. Zima kila kitu, ufunguo utoe. Toa waya wa hasi kwenye betri, alafu globu yako iweke katikati, waya mmoja ushike kichwa cha betri cha hasi, mwingine ushike ule waya ulioutoa. Kwenye gari lisilo na kompyuta kama hilo globu isiwake hata kidogo. Hakuna ECU humo, hakuna kitu cha kulala na kuamka. Gari za kisasa unaweza kusubiri nusu saa mpaka kompyuta zilale ndo upime, lako hapana, likizimwa limezimwa. Ikiwaka, kuna mahali moto unapita.

Ukishaona inawaka ndo uchukue mita. Waya mwekundu wa mita uhamishe kwenye tundu la 10A, swichi weka amp za DC, pima pale pale ilipokuwa globu. NA USIPIGE STATA mita ikiwa hapo. Nasema kwa herufi kubwa sababu mimi nilipiga.

Nyahururu_Diesel

Niko Kenya, nina Series tatu pia ya shamba. Buda mbona unajisumbua, weka tu swichi ya kukata moto kwa ile nyaya ya negative, ile ya kuzungusha kama ya lori. Ukipark unazungusha unaenda kulala. Yangu ni miaka sita sasa na sijawahi tafuta hiyo shida ni nini

mama_landi

Hiyo ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Swichi ni nzuri, hata mimi ninayo kwa ajili ya wezi na moto, ila kama kuna waya unakwaruza chasisi mahali fulani swichi haitakusaidia mchana ukiwa barabarani.

Nyahururu_Diesel

Haya mama nimeskia 😅 lakini yangu bado inawaka

chuma_cha_mission

Wakuu narudi na majibu. Kwanza globu inawaka. Si kufifia, inawaka kabisa, nilishangaa.

Nikachukua mita yangu nikaweka 10A, ikasoma, ila kabla sijaandika namba dogo wangu alikuwa ndani ya gari nikamwambia "hebu angalia kama ufunguo umetoka" yeye akasikia "washa". Mita kwisha. Fyuzi yake ya ndani imekatika. mama_landi ulionya na bado 😭

Nikaazima ya fundi redio wa hapa mtaani. Inasoma amp 0.61. Hapo ufunguo mfukoni, taa zote off, redio off. Nikatoa fyuzi moja moja kama nilivyoona kwenye video, nikitegemea namba ishuke. Haikushuka. Nimetoa zote, ziko mkononi mwangu zote na bado mita inasema 0.61. Nimechanganyikiwa, moto unapita wapi kama fyuzi zote ziko mkononi?

mama_landi

0.61 mara saa 84 (Jumatatu jioni mpaka Ijumaa asubuhi) ni kama amp-saa 51. Betri yako ni ya 70. Kwa hiyo Ijumaa unaikuta na kama 19 tu, ndo maana 11.9. Hesabu inakubali kabisa, hakuna uchawi hapo. Na tahadhari, betri ya risasi ukiikausha hivyo kila wiki sahani zake zinaota chumvi ngumu, hiyo mpya nayo utaiua kweli safari hii.

Kuhusu fyuzi namwachia mzee, najua yupo humu anasoma

fundi_mstaafu

Nimeona. Salaam kwenu vijana.

Mimi nimefanya umeme wa magari toka 1979, nimeanzia kwenye karakana ya serikali ambako magari yote yalikuwa haya haya, 109 na Bedford. Kwa hiyo hilo gari nalijua kama mfuko wa shati langu.

Kijana kosa lako si kubwa, umefuata video ya magari ya Kijapani. Gari la Kijapani kila kitu kina fyuzi, ukitoa fyuzi unakata kila kitu. Landrova Series vifyuzi vyake unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na waya mkubwa wa moto haupiti kwenye fyuzi hata moja. Hata taa kubwa za mbele za kiwandani hazina fyuzi. Ukitoa fyuzi zote bado nusu ya gari ina moto.

Kwa hiyo fuata RANGI. Wayaringi ya Lucas (kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya) rangi zake zina maana, ukizijua hizi huhitaji mchoro. Waya wa kahawia ni moto wa betri moja kwa moja, haujapita kwenye swichi wala fyuzi, huo una moto saa 24. Zambarau nao una moto saa 24 lakini umepita kwenye fyuzi, ndo wa honi na vitu kama hivyo. Nyeupe ni moto wa swichi ya ufunguo, unaenda koili, ile inayotengeneza cheche za plagi. Kijani ni huo huo wa ufunguo lakini umeshapita fyuzi, indiketa, waipa, taa ya breki. Nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa. Nyeusi ni ethi, yaani unaoshika chasisi. Sasa wewe ufunguo umetoa, kwa hiyo nyeupe na kijani vimekufa, usiviangalie. Fyuzi umetoa, kwa hiyo zambarau imekufa. Kimebaki nini? Kahawia tu, na chochote ambacho mtu amegongea kwenye kahawia kwa miaka arobaini na kitu. Ndo maana namba yako haikushuka. Hiyo namba kukataa kushuka imekusaidia sana hata kama hukujua.

Sasa waya wa kahawia ule mnene unaenda wapi? Unatoka kwenye nati ya solenoidi ya stata (ile swichi nzito ya stata), unaenda altaneta. Altaneta siku zote ina moto wa betri mgongoni kwake hata gari likiwa limezimwa, kinachouzuia usirudi ndani ni daiodi. Daiodi ni kama vali ya pampu ya baiskeli, upepo unakwenda upande mmoja. Ikivuja, usiku kucha betri inasukuma moto ndani ya altaneta.

Fanya hivi leo usiku. Rudisha waya wa betri, paki, lala. Asubuhi kabla hujawasha chochote fungua boneti uguse altaneta kwa mkono. Injini itakuwa ya baridi kama maji ya mtungi, Arusha asubuhi ni baridi mnajua. Altaneta nayo iwe baridi vile vile. Kama ina joto hata la kikombe cha chai kilichosahaulika, umempata. Pili chukua bisibisi ya chuma isogeze kwenye nati ya puli ya altaneta gari likiwa limezimwa. Ikivutwa kama sumaku ujue waya wa ndani umepata moto wakati haukutakiwa.

Na nijibu hili: usiku gizani ukishazima gari na kutoa ufunguo, ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi, umewahi kuiona ikiwa na kawekundu kidogo?

chuma_cha_mission

Shikamoo mzee wangu. Sijui nianzie wapi.

Ile taa NDIYO. Nimeiona mara nyingi sana nikishuka usiku, kawekundu kadogo sana, nikawa nadhani ni mwanga wa taa ya nje ya jirani unaakisi kwenye kioo cha dashibodi. Mpaka nilishamwambia mke wangu "hii gari macho yake hayalali".

Asubuhi nimegusa. Ina joto. Si kali ila blok ya injini ni ya baridi kabisa na altaneta ina joto la mkono. Bisibisi ikavutwa, kidogo, lakini inavutwa unaisikia kabisa.

Nikatoa waya wa betri kwanza (nimejifunza) nikachomoa soketi ya altaneta nyuma, nikafunga ule waya mnene kwa tepu usiguse chuma, nikarudisha mita. Imeshuka kutoka 0.61 hadi 0.16. Mzee Mungu akubariki. Ila 0.16 inabaki, na mama_landi alisema iwe sifuri?

Alafu swali lingine, kwa nini altaneta ichaji vizuri 14.1 na bado iwe mbovu?

Kijana_wa_Umeme

Inawezekana mkuu, daiodi zipo nyingi ndani, moja ikivuja zingine zinaendelea kubeba. Volti za DC zitaonekana sawa. Ungepima AC kwenye betri injini ikiwa inaunguruma ungeona mawimbi makubwa, ikizidi kama nusu volti hivi hapo kuna daiodi mgonjwa.

Swali, je kuna fundi amewahi kupima altaneta yako kwa kutoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma? Ile "ikizima ni mbovu isipozima ni nzima"

chuma_cha_mission

Yule fundi wa kwanza alifanya hivyo hivyo! Mbele yangu. Akasema "umeona haijazima, altaneta ni nzima, tatizo betri"

Kijana_wa_Umeme

Basi huenda ndo aliyeiua. Betri ndo inayotuliza altaneta, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu mno na daiodi ndo za kwanza kufa. Mtindo huo ulitoka enzi za dainamo, ile jenereta ya magari ya kabla ya altaneta, kwenye dainamo hakukuwa na daiodi za kuua

gari_la_mtaa

Acheni kutisha watu, mimi miaka kumi napima hivyo hivyo na sijawahi kuua altaneta hata moja

fundi_mstaafu

Hujawahi kuua, au hujawahi kupima asubuhi yake?

gari_la_mtaa

Mzee 😂😂 haya nimekaa chini

fundi_mstaafu

Chuma, altaneta itoe uipeleke kwa fundi wa kusuka, mwambie abadilishe rektifaya ile sahani ya daiodi, si lazima ununue altaneta nzima. Hiyo ni Lucas 16ACR kama haijabadilishwa, spea zake bado zinapatikana. Mwambie aangalie na brashi akiwa humo humo.

Sasa 0.16. Hiyo ni namba ninayoifahamu. Redio yenye kumbukumbu ya saa na stesheni inakula 0.01 hivi, haiwezi kuwa redio peke yake. Taa ingekula zaidi, globu ya wati 5 ni 0.4. Kitu kinachokula 0.15 ukiwa hukioni na hakiwaki mara nyingi ni koili ya rilei (swichi inayovutwa na umeme) iliyobaki imeshika. Landrova ya kiwandani ya mwaka huo haina rilei ya kushika usiku. Kwa hiyo mtu ameongeza kitu. Nenda kwenye nati ya solenoidi ya stata na kwenye kichwa cha betri, hesabu nyaya. Waya wowote ambao si kahawia, mwembamba, umefungwa kwa tepu ya selotepu badala ya tepu ya umeme, huyo fuata mpaka mwisho wake.

Nyahururu_Diesel

Mzee unaongea kama daktari. Mimi sasa naogopa kwenda kuangalia yangu

mama_landi

Nenda kaangalie 😂

chuma_cha_mission

Wakuu hii stori ya leo ni ndefu kidogo vumilieni.

Jumamosi nzima nimeshinda chini ya dashibodi. Kwenye nati ya solenoidi nimekuta nyaya za kahawia mbili na waya mmoja mwembamba wa njano, na kweli umefungwa na plasta. Si tepu, PLASTA, ile ya kidonda. Sijui ni padri au ni yule mzee wa Karatu lakini mmoja wao alikuwa na huduma ya kwanza karibu. Waya ule unapanda kwenye ukuta wa injini, unapita kwenye tundu la kebo ya maili, unaingia nyuma ya dashibodi alafu unapotea ndani ya fungu la waya ambalo limejaa vumbi la Ngorongoro la miaka yote.

Nikatoa skrubu za dashibodi. Nyuma kabisa, juu ya miguu ya abiria, kuna kaboksi keusi kamefungwa na waya wa kufungia nyanya. Alamu ya wizi ya zamani! King'ora chake hakipo, rimoti sijawahi kupewa, hata mzee aliyeniuzia nimempigia akasema hajawahi kusikia hiyo gari ikilia. Pembeni ya boksi kuna rilei. Nikaigusa, ina joto. Nikavuta ule waya wa njano, rilei ikafanya "tak" na mita ikaanguka kutoka 0.16 hadi 0.01. Nilipiga kelele mpaka dogo akaja anadhani nimepigwa shoti.

Nikakata kila kitu, boksi nikalitoa nikalitupa kwenye ndoo. Furaha. Altaneta nikairudisha kwa muda ili niende nayo kwa fundi wa kusuka, nikapiga stata. Inazunguka, haiwaki. Nazungusha, haiwaki. Petroli ipo, nimechomoa waya wa plagi nikausogeza kwenye blok hakuna cheche kabisa. Jana gari lilikuwa linawaka, leo nimeondoa kitu kibovu limekufa. Kuna mtu anijibu nisilale na hili

mama_landi

Usiogope, lile boksi lilikuwa linakata moto wa koili. Waya mweupe kutoka kwenye swichi kwenda koili ulikatwa katikati ukapitishwa kwenye rilei. Alamu ikifa gari lisingewaka, kwa hiyo fundi wa enzi hizo badala ya kuitoa akaipa rilei moto wa kudumu kwa ule waya wa njano ili ishike siku zote. Gari likawaka, mteja akaondoka, na tangu siku hiyo rilei imekuwa inakula betri usiku na mchana.

Kwenye zile nyaya ulizokata nyuma ya dashibodi tafuta ncha mbili nyeupe. Toa betri kwanza, ziunganishe vizuri kwa solda au kwa kiunganishi cha kubana, funika. Itawaka. Usitumie plasta 😂

chuma_cha_mission

Imewaka. Saa nne usiku, mke wangu kafungua dirisha anauliza kama nina akili timamu, gari linaunguruma uani.

Kijana_wa_Umeme

Hongera mkuu. Hata hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, isingekuokoa hapo. Watu wanadhani hendeli ya Landrova inawasha gari lolote lile, lakini betri ikifa kabisa au waya wa koili umekatika, utazungusha mpaka mkono ung'oke. Koili lazima ipate moto kutoka mahali.

fundi_mstaafu

Na mkitumia hendeli dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, msilizungushe kushika kama mpini wa jembe. Injini ikipiga nyuma inavunja kidole. Nimeona kwa macho yangu, si hadithi.

Chuma, hiyo altaneta usiisahau. Umemkamata mwizi mdogo, mkubwa bado yuko ndani.

Mpwani_wa_Tanga

Nami nina swali hapo hapo kama mzee ataniruhusu. Yangu ni Series IIA, ina dainamo, nilipofunga redio mpya ikaungua siku hiyo hiyo. Ni shida hii hii?

fundi_mstaafu

Hapana kijana wangu, angalia kwanza betri yako ni waya upi umefungwa kwenye chasisi. Hizo za zamani kabla ya 1967 hivi nyingi zilitoka kiwandani ethi chanya, waya wa chanya ndo uko kwenye body. Redio ya leo ni ethi hasi, ukiifunga kwenye gari la ethi chanya inapokea moto kinyumenyume. Fungua uzi wako tutaongea, hapa tusimchanganyie mwenzio.

chuma_cha_mission

Nimerudi wakuu, ni wiki mbili sasa.

Altaneta imesukwa, fundi alibadilisha rektifaya na brashi, elfu thelathini na tano pamoja na kazi. Alinionyesha daiodi mbili zilizokufa, kwenye mita zinapitisha moto pande zote mbili. Nimefunga, inachaji 14.2, AC haifiki hata 0.1. Asubuhi nagusa altaneta, baridi kama jiwe la mtoni. Taa nyekundu usiku gizani haipo kabisa, nimekaa ndani ya gari kama dakika kumi naitazama tu.

Matumizi ya usiku ni 0.01 ya redio. Nimeilaza gari siku tisa nilipoenda Singida kwa msiba, nimerudi jana nikapiga stata mara moja. Betri ilisoma 12.5.

Nati ya betri sijaigusa tena na tairi liko juu ya boneti lake limetulia. mama_landi, mzee fundi, Kijana, asanteni sana. Mzee kama upo pande za huku nikuletee hata mbuzi.

Sasa nikasema ngoja nikachukue ile betri yangu kwa jirani maana ni nzima na ni ya laki mbili. Nimemkuta anaangalia mechi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza "na friji ndogo itabeba?"

mama_landi

😂😂😂 sahau hiyo betri

Nyahururu_Diesel

Wasee nimeenda kuangalia yangu. Waya tatu kwa solenoidi ambazo sio kahawia. Moja imefungwa na kamba ya ng'ombe. Naanzisha uzi

BeiYaBetri

Jirani akikataa kabisa nicheki, bei ya humu ndani nakupunguzia